Nyumba inagonga, inakwaruza, inakoroma: mlio upi wa kumwitia fundi leo, upi wa kuuacha?

Mkaazi_B14

Asalaam aleikum wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nyumba iko Ngamiani, Tanga, barabara ya 14. Ukuta wa tofali za saruji, paa la mabati juu ya mbao, dari la bodi, simtanki la lita 1000 kwenye mnara wa mita 3 uani. LUKU (mita ya umeme) na meinswichi viko barazani, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Msimu huu wa kusi kelele zimezidi, nimeziandika pamoja na saa zake.

Bomba linagonga go-go-go-go haraka haraka kati ya saa 8 na saa 9 usiku, wakati maji ya mtaa yanaingia tangini. Mbali na hiyo kuna "sss" nyembamba ukutani nyuma ya choo, mchana na usiku. Boksi la meinswichi linatoa mlio wa kukatikakatika, trr... tr... trrr, jagi la umeme au pasi ikiwashwa, vikizimwa, kimya. Paa linapiga mlio mmoja mmoja, "paa!", kuanzia magharibi mpaka saa 2 usiku, na upepo ukizidi kuna mlio mwingine wa kupigapiga kama makofi. Fremu ya mlango wa stoo inatafunwa, usiku wa kimya unasikia kabisa. Panga boi (feni la darini) la sebuleni: tik, tik, tik. Na sinki la jikoni hukoroma kila choo kikimwagwa maji.

Mfuko wa mwezi huu unabeba fundi mmoja, wawili kwa kujibana. Nianze na nani?

Nyaya_Chumbageni

Waaleikum salaam. Anza na boksi, tena leo. Jagi na pasi visiwashwe mpaka lifunguliwe.

Kuna milio miwili ya umeme ambayo watu huichanganya. Upo mvumo laini, wa sauti moja isiyopanda wala kushuka, unaotoka kwenye breka au kwenye chombo chenye transfoma. Umeme wetu ni wa hezi 50, na chuma kilicho ndani ya sumaku yake hutetemeka mara 100 kila sekunde. Mvumo huo ukiwa mdogo hauna neno. Wako si huo. Wako unakatika, unakuja na mzigo na kuondoka na mzigo, na hiyo maana yake ni cheche: waya haukubanwa sawasawa na umeme unaruka kwenye upenyo kati ya shaba na skrubu. Jagi la wati 2000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 9, pasi ya wati 1000 huongeza 4 na ushee. Ampea 13 zikipita kwenye mguso mbovu, ncha ya waya inaungua huku breka imetulia, maana breka imewekwa kuangalia wingi wa umeme unaopita, na ampea 13 kwake si kosa. Ndiyo maana utasikia "mbona breka haikuruka?" kwenye nyumba iliyokwisha kuungua.

Kwa nyumba za ukanda wetu mkosaji wa kwanza ni chumvi. Upepo unaingia boksini, shaba inaota kutu ya kijani, kutu inazuia umeme, joto linapanda, skrubu inapanuka na kusinyaa kila siku mpaka inalegea.

Fundi awe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nawe simama umwangalie. Azime breka ndogo zote, kisha meinswichi. Hapa ndipo watu wanapofia: ukizima meinswichi, skrubu mbili zinazopokea waya kutoka kwenye mita bado zina umeme. Zikiwa ndizo zilizoungua, TANESCO, shirika la umeme, wakate kwanza huko nje. Upande wa kutokea upimwe kwa testa, na testa yenyewe ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme, kwa sababu testa mbovu husema "salama" siku zote. Halafu kila waya utolewe kwenye skrubu yake. Shaba ikiwa nyeusi au ganda limekakamaa, akate mpaka afike kwenye shaba inayong'aa, achune ganda kama milimita 10, aingize, akaze, kisha auvute kwa mkono. Breka au kibanio kilichobadilika rangi kisisuguliwe msasa kikarudishwa. Chuma chake kimekwisha kupoteza ukakamavu na kitalegea tena ndani ya miezi michache. Kinunuliwe kipya.

Aangalie pia unene wa waya. Taa ni milimita za mraba 1.5, soketi ni 2.5. Akikuta soketi ya jikoni imevutwa kwa 1.5, kukaza skrubu ni kupaka rangi jino lililooza. Na asiamini rangi za nyaya: za zamani nyekundu ndiyo moto na nyeusi nyutro, za sasa kahawia ndiyo moto na buluu nyutro, na nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu huwa na zote nne.

Nusa soketi zako pia. Plastiki ngumu ya baadhi ya soketi ikipata joto hutoa harufu ya samaki. Kwa Tanga hii ni rahisi kumsingizia jirani aliyeanika ng'onda.

Na ukisikia mlio wa kuchemka kama mafuta kikaangoni, nje, pale waya wa nguzo unapokutana na nyumba, hasa alfajiri penye umande, hapo hakuna fundi wa mtaani. Ni chumvi kwenye vikombe vinavyoshika waya, au aluminiamu na shaba zimeungwa pamoja zinalana. Piga simu TANESCO, ngazi iache stoo.

Koki_na_Bomba

Nyaya kasema kweli, umeme kwanza. Mimi nachukua bomba.

Wengi watakuambia go-go-go ni hewa. Hewa ina sauti yake: koki inatema, pfu, pfu, maji yanatoka meupe, kisha inaisha. Kugonga kwa haraka kwa saa 8 usiku wakati tangi linakaribia kujaa ni boya, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa. Sikiliza inavyokwenda. Maji ya mtaa usiku yana presha kubwa kwa kuwa watu wamelala. Yanaanguka tangini, yanatengeneza mawimbi, boya linapanda na kushuka juu ya mawimbi hayo. Likipanda linafunga, likishuka linafungua, mara nyingi kwa sekunde chache. Na kila linapofunga, maji yote yaliyokuwa njiani kutoka kwenye mita yanasimamishwa ghafla. Kwenye bomba la chuma, maji ya mwendo wa mita 1 kwa sekunde yakisimama ghafla hupandisha presha kwa zaidi ya baa 10. Mnara wako wa mita 3 unatoa baa 0.3 tu, kwa hiyo usihangaike na koki za ndani, haziwezi kugonga hivyo. Bomba la plastiki linatanuka kidogo, pigo ni dogo, lakini linatosha kulegeza yunioni na kupasua kiungo kilichochomwa vibaya.

Kuthibitisha: jioni kabla ya maji kuja, punguza geti valvu iliyo kabla ya tangi, ibaki robo wazi. Usiku ule kugonga kukitoweka au kukipungua sana, umepata jibu na hujatumia hata shilingi. Unaweza kuiacha hivyo hivyo kama robo hiyo inajaza tangi mpaka asubuhi.

Ukitaka kuponya kabisa, fungua boya, toa wosha ya mpira iliyo kwenye pistoni. Ikiwa na mfereji wa mviringo uliochimbika, hiyo haifungi taratibu tena. Angalia pini inayoshika mkono wa boya. Ikicheza, mkono unatikisika, badilisha boya zima, na la shaba litakaa kuliko la plastiki. Mawimbi yatulize kwa ndoo ya lita 20: itoboe matundu pande zote, iweke ndani ya tangi boya liogelee ndani yake, ifungwe isielee. Kuna fundi atakayekushauri urefushe bomba la kuingizia mpaka chini ya maji ili yasianguke. Kelele itakufa, ila siku mtaa ukikosa presha, bomba linaweza kufyonza maji ya tangi lako kuyarudisha kwenye njia ya mtaa. Mkatalie.

Kisha bomba la ukutani libanwe. Nusu inchi ya plastiki inataka klipu kila sentimita 60 ikilala, kila mita 1 ikisimama. Kipande cha bomba kilichosimama na kuzibwa juu, kile cha kuweka mto wa hewa, kinasaidia mwanzoni, kisha hewa inayeyuka ndani ya maji na mwaka haujaisha kimejaa maji. Kama unacho tayari, funga maji, mwaga njia yote, kitajaa hewa upya.

"Sss" ya nyuma ya choo ndiyo inayokula pesa. Funga koki zote na geti valvu ya tangi, kisha angalia kinyota kidogo cha mita ya maji, kile kinachozunguka maji yakipita. Rudi utuambie.

Mkaazi_B14

Ahsanteni sana. Jagi limefungiwa kabatini, fundi wa umeme anakuja kesho asubuhi.

Kinyota cha mita kimesimama kabisa. Lakini "sss" ipo pale pale.

Koki_na_Bomba

Vizuri. Kati ya mita na tangi hakuna tundu, kwa hiyo maji yanapotea baada ya tangi. Pima kwa ufito: ingiza tangini saa 4 usiku, weka alama, rudi alfajiri geti likiwa bado limefungwa na hakuna aliyetumia maji. Simtanki la lita 1000 lenye kipenyo cha mita 1.1 hivi, kila sentimita 1 ikishuka ni karibu lita 9 na nusu.

Wakati huo mtuhumiwa wa kwanza ni tangi la choo. Tia rangi ya chakula, au chai nzito ya rangi, ndani ya tangi la choo. Usivute. Subiri dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini haizibi. Itoe, paka kidole: ikiacha weusi mkononi imekufa. Kama ni nzima ila ina ukoko mweupe wa chokaa, iloweke kwenye siki usiku mmoja na ufute pia kitako inachokalia, maana watu hubadilisha raba tatu huku kitako ndicho chenye ukoko. Rangi isipoonekana, tazama bomba la wima katikati. Maji yakiwa yanamiminikia ndani yake kwa juu, boya dogo limewekwa juu mno, lishushe mpaka maji yasimame sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo.

Choo kikiwa safi na "sss" bado ipo, usiku shika bisibisi ndefu, ncha kwenye bomba au koki, mpini kwenye mfupa wa mbele ya sikio. Sogea sehemu kwa sehemu. Mlio unapokuwa mkali ndipo pa kupasua, siyo penye unyevu. Unyevu ukutani hushuka na kutambaa, tundu laweza kuwa mita nzima juu yake.

Nyaya_Chumbageni

Hiyo bisibisi iwe ya mpini wa plastiki, na isiguse bomba lolote lililo karibu na hita au pampu kabla hujazima umeme wake. Bomba la chuma lililoshikwa na waya uliochunika halipigi kelele yoyote.

Kenchi_Pongwe

Nimewaachia wengine wamalize, sasa nisemee paa na mbao.

Ule "paa!" wa mmoja mmoja wa magharibi, lala usingizi. Bati la mita 6 likipoa nyuzi 40 kutoka joto la mchana husinyaa karibu milimita 3. Misumari inalishika, linajivuta, linaachia ghafla. Asubuhi jua likipanda utaisikia tena, na hata wingu likipita mchana. Ni mlio wa waja leo waondoka leo, kama wageni wa mji wetu.

Makofi ya upepo ndiyo kazi. Huko ni kusema bati limeachana na pau, mbao linalopigiliwa juu yake. Hizo milimita 3 za kila siku ndizo zilizopanua tundu na kuunyanyua msumari kidogo kidogo, na chumvi ikala shingo yake. Upepo haulisukumi bati tu, unalinyanyua, na nguvu kubwa ya kunyanyua iko pembeni, kwenye pembe za paa na chini ya kofia ya kileleni. Kwa hiyo kagua huko kwanza, safu mbili za mwisho kila upande. Fanya asubuhi bati likiwa baridi na kavu, ukikanyaga penye misumari, maana chini yake kuna pau, na ubao wa kutandika.

Msumari uliolegea usiugongee tena. Utashika wiki mbili. Ung'oe, weka skrubu ya bati yenye wosha ya raba, inchi 2 na nusu, sentimita 2 au 3 pembeni ya tundu la zamani lakini juu ya pau ile ile, na kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni. Kaza mpaka raba ianze kutoka pembeni kidogo, basi. Ikibonyea na kupasuka, maji yatapita pale kwa miaka. Tundu la zamani lizibwe kwa gundi ya paa. Pembeni mwa paa piga kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu. Kama pau imeoza pale, skrubu itazunguka tu bila kushika. Hapo unaongeza kipande cha 2x2 kando ya pau, hubadilishi paa.

Fremu ya stoo. Kuna watafunaji wawili. Bungua huacha vitundu vya duara na unga laini kama wa mahindi chini yake. Mchwa hawaachi unga, wanaacha njia za udongo, nao mbao inabaki ganda. Piga fremu kwa mpini wa bisibisi kuanzia chini kwenda juu. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu, mfupi. Iliyoliwa inajibu kama boksi tupu. Ukishapiga, bandika sikio. Ukisikia mchakato kama mchele unaomwagika kwenye karatasi, ni mchwa: askari wao hugonga vichwa kwenye mbao kuwaonya wenzao. Vunja kipande cha njia ya udongo cha sentimita 5, rudi baada ya siku tatu. Kikiwa kimejengwa upya, wapo hai na wanatoka ardhini.

Mchwa haponi kwa kupuliza fremu. Dawa iende ardhini, kwenye mtaro mwembamba kando ya ukuta na mahali sakafu inapokutana na fremu, kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha fremu itolewe na kuwekwa ya mbao iliyotiwa dawa kiwandani. Miguu ya fremu isizamishwe kwenye saruji, iachie nafasi ndogo. Bungua ni rahisi zaidi: dawa ya mbao kwa bomba la sindano, tundu kwa tundu, kisha ziba kwa nta, na urudie baada ya wiki mbili tatu kwa vitundu vipya.

Mzee_wa_Raskazone

Vijana mnapenda gharama. Zamani tulipaka oili chafu ya gari, boriti ikakaa miaka.

Kenchi_Pongwe

Shikamoo mzee wangu. Boriti zile zilikuwa za mikoko na mikandaa, mti mgumu ambao wenyewe haupendwi na mdudu, na nyumba za mawe ya matumbawe zilikuwa na baraza kavu. Sifa ni ya mti. Mbao laini za leo oili haipenyi zaidi ya ngozi, mchwa anapita katikati. Na kwenye dari lenye nyaya, oili ni kuni. Nje, kwenye nguzo ya uzio, sikatai.

Ila umenikumbusha jambo. Mwenye nyumba kongwe ya boriti akisikia "kaa!" ya kukatika, nzito, isiyofuata jua wala upepo, na vumbi la chokaa likadondoka, atoe watu chumbani kwanza. Kisha avute uzi kutoka ncha hadi ncha ya boriti. Mita 3 iliyoinama zaidi ya sentimita 1 katikati iwekewe nguzo usiku huo huo, ubao mpana juu na chini ya nguzo ili isitoboe.

Feni_na_Friji

Panga boi. Punguza spidi. Tik zikipungua pamoja na mzunguko, kitu kinachozunguka kinagusa au kimelegea. Zikibaki vile vile, ni regyuleta au umeme. Kisha zima kabisa na usikilize linapozunguka lenyewe kumalizia: mlio ukiendelea ni wa chuma, ukikatika papo hapo ni wa umeme. Vipimo viwili hivyo vinakutoa kwenye nusu ya makisio.

Ukiwa wa chuma, zima breka, panda. Futa vumbi kwenye mapanga, upande wa juu, maana vumbi la pwani hushika unyevu na kuwa zito, na panga moja likibeba zaidi feni lote linayumba. Kaza skrubu za kila panga. Pima kwa rula kutoka darini hadi ncha ya kila panga, ukiyazungusha yapite pale pale; tofauti isizidi milimita 3. Panga lililozidi lipindwe taratibu penye mkono wake wa chuma. Angalia kikombe cha juu kisiguse fimbo.

Halafu kulabu. Hapo ndipo penye hatari, na watu hawapatazami. Raba inayokaa kwenye kulabu ikiisha, chuma kinasugua chuma, na kulabu iliyoliwa na kutu haionyeshi kwa chini. Ivue feni, tazama mgongo wa kulabu. Ikiwa imelika robo ya unene, weka mpya. Pini ya kugawanyika inayozuia boliti iwepo na ncha zake zimekunjwa.

Feni inayovuma bila kuzunguka, mpaka uisukume kwa ufito, ni kapasita, na nyingi za panga boi ni maikrofaradi 2.5. Soma namba ya ile ya zamani, nunua hiyo hiyo. Kubwa zaidi inaweza kuunguza koili.

Binti_Makorora

Samahani naingilia mada ya kaka. Friji langu linafanya "tik", linavuma sekunde kama kumi, "tik", linanyamaza, dakika chache linarudia. Na mtungi wa gesi wa kilo 15 una "sss" ndogo.

Feni_na_Friji

Mtungi kwanza, dada. Funga valvu sasa hivi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote ya taa, kuwasha wala kuzima. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, siyo dirisha la juu peke yake. Harufu ikishaisha kabisa, fungua valvu huku jiko limezimwa na upake povu la sabuni kwenye regyuleta, pande zote mbili za mpira na kwenye valvu. Panapovimba mapovu ndipo. Mara nyingi ni kile kipete cha raba kati ya valvu na regyuleta, au mpira uliopasuka penye klipu. Kata sentimita 5 za mwisho ufunge upya kama mpira wenyewe bado ni laini, ukiwa umekakamaa nunua mwingine. Valvu yenyewe ikitoa mapovu, mtungi urudishwe kwa wakala, hautengenezwi nyumbani.

Friji lako linajaribu kuwaka linashindwa. Lichomoe, ulirudishe mara moja tu la kupimia. Pima volti ya soketi saa ile ile linaposhindwa, siyo mchana umeme ukiwa mzuri. Ikiwa chini ya 190 hivi, kosa si la friji, tafuta kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha kuwasha. Volti ikiwa nzuri, nyuma kwenye kompresa kuna kidude cha kuwashia. Kichomoe, kitikise karibu na sikio. Kikichakacha kama mbegu ndani ya kibuyu, kimevunjika, na ni rahisi kubadilisha. Kikiwa kizima, mpishe fundi. Usiliache liendelee kujaribu siku nzima, kila jaribio linachemsha koili. Milio ya maji ndani ya friji, blub blub, ni gesi inatembea, iache.

Koki_na_Bomba

Nimerudi kwa sinki linalokoroma, naona limesahauliwa.

Choo kikimwagwa, lita 6 hadi 9 zinashuka kwa mkupuo na nyuma yake zinavuta hewa. Hewa inatakiwa itoke kwenye bomba la kupumulia. Likiwa limeziba au halipo kabisa, hewa inavutwa kupitia sinki, na ile ndiyo koroma. Baada ya kukoroma tazama kiko cha chini ya sinki, lile bomba lililopinda: maji yake yanakuwa yamefyonzwa, ndipo harufu na mende wanapopata njia.

Ila kuna sababu ya pili yenye mlio huo huo. Fungua chemba (shimo la kukagulia maji taka) iliyo karibu na nyumba, mtu amwage choo. Maji yakipita haraka na chemba ikabaki tupu, tatizo ni hewa. Yakipanda na kusimama, njia ya mbele imeziba au shimo limejaa, na masika shimo linaweza kujazwa na maji ya ardhini hata kama mlilinyonya majuzi. Katika hali hiyo usiweke bomba la hewa, utapoteza pesa. Pima pia mteremko: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita. Likilala zaidi ya hapo uchafu unabaki.

Mkaazi_B14

Chemba inapita vizuri. Bomba la hewa lipo, inchi 2, limeishia chini ya dari la nje, limefungwa wavu wa mbu. Fundi wa umeme amekuta nyutro ya kutokea meinswichi imeungua nusu sentimita, amekata, na meinswichi inabadilishwa. Raba ya choo ilikuwa inaacha weusi.

Koki_na_Bomba

Wavu huo ndio. Wavu wa mbu una macho madogo, buibui na vumbi lenye chumvi vinauziba ukawa kama kizibo. Uondoe leo ujaribu choo, koroma itapungua papo hapo. Kisha bomba lipandishwe lipite paa kwa sentimita 30 au zaidi, mbali na dirisha, na juu liwekwe kofia yenye wavu wa macho ya milimita 5 hivi. Chuma cha kawaida kitakwisha kwa kutu, chukua wa plastiki ngumu. Linapotoboa bati, tundu liwe upande wa juu wa pau, lizungushiwe raba na gundi ya paa, na mwambie Kenchi akague hapo siku anapobadilisha misumari.